Akili Unde Inapoandika Programu: Anayeanza Ananufaika Vipi, na Mwenye Uzoefu Vipi?

Wakazi wengi wa Kaunti ya Machakos hutumia programu za kompyuta kila siku bila kuziwazia. Mfanyabiashara katika soko la Tala hupokea malipo kwa M-Pesa. Mwanachama wa Sacco mjini Machakos huangalia akiba yake kwa simu. Mzazi kule Masinga hulipa karo kwa nambari ya paybill, na dereva wa Mlolongo hulipia leseni yake kupitia eCitizen. Nyuma ya kila mojawapo ya huduma hizi yupo mtu aliyeketi na kuandika, mstari baada ya mstari, maagizo ambayo kompyuta hufuata.

Miaka ya hivi karibuni mtu huyo amepata msaidizi: zana za akili unde, inayofahamika na wengi kama AI, ambazo huandika maagizo hayo kwa niaba yake kwa sekunde chache. Mabadiliko haya yanawagusa wakazi kwa njia tatu. Wapo vijana wanaosomea utengenezaji wa programu na wazazi wanaowalipia karo. Wapo wenye biashara, vyama na shule wanaolipa ili waundiwe mifumo. Na wapo wakazi wote ambao pesa na taarifa zao hupita ndani ya mifumo hiyo.

Makala haya yanaeleza zana hizi hufanyaje kazi, utafiti umeonyesha nini kuhusu wanaoanza na wenye uzoefu, na hatua ambazo mkazi anaweza kuchukua.

ZANA HIZI NI ZIPI?

Maagizo yanayoiongoza kompyuta huitwa msimbo. Kwa miaka mingi mtengenezaji wa programu aliuandika mwenyewe, na alipokwama alitafuta msaada vitabuni, kwa wenzake au mtandaoni. Mnamo Juni 2021 kampuni ya GitHub, inayomilikiwa na Microsoft, ilitoa kwa majaribio zana iitwayo Copilot, ambayo hukisia na kumalizia mistari ya msimbo wakati mtu anaandika. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2022, zana hiyo ilianza kuuzwa kwa umma. Novemba 2022 ikaja ChatGPT, ambayo mtu yeyote angeweza kuiomba msimbo kwa lugha ya kawaida. Tangu hapo zimetokea nyingine, kama vile Cursor na Claude Code, zinazoweza kusoma faili zote za mradi, kuzibadilisha, kuifanyia programu majaribio na kurekebisha makosa zinayoyaona.

Wakenya hawakubaki nyuma. Ripoti ya DataReportal ya Julai 2025 iliiweka Kenya mbele ya nchi nyingine zilizochunguzwa kwa matumizi ya ChatGPT: takriban watu 42 kati ya kila watumiaji 100 wa intaneti wenye umri wa miaka 16 na zaidi walikuwa wameitumia katika mwezi uliotangulia.

Ni muhimu kuelewa jinsi zana hizi zinavyopata majibu. Zimefunzwa kwa wingi mkubwa wa maandishi na misimbo iliyoandikwa na watu. Zinapoulizwa swali, hujenga jibu linaloelekea kufaa kulingana na mifano ziliyofunzwa. Hazijui katiba ya chama fulani, wala hazijui makubaliano ya mdomo kati ya mwenye duka na wateja wake. Asiyeziambia mambo hayo atapata jibu lililojazwa kwa kubahatisha, nalo litakuja kwa lugha ya kujiamini sawa na jibu sahihi.

WANAOANZA HUPATA KASI ZAIDI

Tafiti za kwanza zilionyesha kwamba faida kubwa huwaendea watu wenye uzoefu mdogo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2023, watafiti wa Microsoft, GitHub na chuo cha MIT nchini Marekani waliwapa watengenezaji 95 kazi moja ya kuandika seva rahisi kwa lugha ya JavaScript. Waliotumia Copilot walimaliza kwa wastani wa saa 1 na dakika 11. Wasioitumia walichukua saa 2 na dakika 41. Waliokuwa na uzoefu wa miaka michache ndio walionufaika zaidi.

Utafiti mkubwa zaidi ulifanyika ndani ya kampuni ya Microsoft, kampuni ya Accenture na kampuni ya tatu ambayo haikutajwa jina, ukihusisha watengenezaji 4,867. Matokeo yake yalitolewa mwaka wa 2024. Kwa jumla, waliopewa zana hiyo walikamilisha kazi nyingi zaidi kwa takriban asilimia 26. Walioajiriwa karibuni waliongeza kazi yao kwa kati ya asilimia 27 na 39, ilhali waliokaa kazini muda mrefu waliongeza kwa kati ya asilimia 8 na 13.

Sababu si ngumu kuiona. Anayeanza hupoteza saa nyingi katika vitu vidogo: alama iliyosahaulika, jina la amri asilolikumbuka, ujumbe wa hitilafu asiouelewa. Zana humwondolea vikwazo hivyo papo hapo. Kwa kijana anayejifunza peke yake Yatta au Kathiani, mbali na mwalimu au mwenzake wa kumuuliza, hilo ni jambo kubwa. Anaweza kuuliza swali usiku wa manane na kuelezwa mara kumi bila kuchekwa.

Hata hivyo, msomaji azingatie mambo mawili. Baadhi ya watafiti hawa wanafanya kazi katika kampuni zinazouza zana zenyewe. Na kipimo chao kilikuwa kasi na idadi ya kazi zilizokamilika. Swali la iwapo mtengenezaji alielewa alichokiandika, au iwapo programu ilidumu mwaka mzima bila kuharibika, ni swali tofauti.

WENYE UZOEFU: KASI WANAYODHANI NA KASI HALISI

Julai 2025 shirika la utafiti la METR la Marekani lilitoa matokeo yaliyowashangaza wengi. Liliwachukua watengenezaji 16 wenye uzoefu, ambao kila mmoja alikuwa ameufanyia kazi mradi wake kwa wastani wa miaka mitano. Walipewa kazi halisi 246 kutoka katika miradi hiyo. Kwa kila kazi ilipigwa kura kama wataruhusiwa kutumia akili unde au la.

Kabla ya kuanza, walitarajia kwamba zana zingewapunguzia muda kwa asilimia 24. Walipomaliza, bado waliamini zimewapunguzia kwa asilimia 20. Saa zilipohesabiwa, ilibainika kwamba walipotumia akili unde walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19.

Mtu anayejua kila pembe ya mradi wake tayari anajua pa kugusa. Zana haijui historia ya mradi, wala sababu ya kila uamuzi uliofanywa miaka mitatu iliyopita. Hivyo mwenyewe hulazimika kuieleza, kusubiri jibu, kulisoma, kulirekebisha na mara nyingine kulitupa. Kusoma msimbo wa mwingine ili kutafuta kosa lililojificha huweza kuchosha kuliko kuuandika upya.

METR wenyewe walionya kwamba matokeo hayo hayahusu kila mtu wala kila kazi, na zana zinaendelea kubadilika haraka. Wenye uzoefu hunufaika zaidi wanapoingia katika lugha wasiyoizoea, wanapohitaji sampuli ya haraka ya kumwonyesha mteja, au wanapofanya kazi za kujirudia. Lakini funzo moja linabaki kwa kila mtu: kuhisi kwamba kazi inakwenda mbio si uthibitisho kwamba inakwenda mbio. Anayetaka kujua ajiwekee saa.

MFANO WA CHAMA CHA MIKOPO

Tofauti kati ya anayeanza na mwenye uzoefu huonekana vizuri katika mfano. Chukua chama chenye wanachama 200 kinachotaka programu ya kuhesabu mikopo. Riba yake ni asilimia 1 kwa mwezi, na mkopo hulipwa kwa miezi 12. Katiba ya chama inasema riba hutozwa kwenye salio lililobaki, kama zinavyofanya Sacco nyingi.

Kijana anaiambia zana: andika programu ya kuhesabu riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa miezi 12. Hakutaja salio. Zana inaweza kuandika hesabu inayotoza riba kwenye mkopo wote kila mwezi hadi mwisho. Kwa mkopo wa Sh12,000, riba itakuwa Sh120 mara miezi 12, yaani Sh1,440.

Kwa mujibu wa katiba, mwanachama anayepunguza mkopo kwa Sh1,000 kila mwezi anatakiwa kulipa Sh120 mwezi wa kwanza, Sh110 wa pili, Sh100 wa tatu, na kuendelea hadi Sh10 mwezi wa mwisho. Jumla ni Sh780. Kila mwanachama basi ametozwa Sh660 zaidi. Wanachama wote 200 wakikopa kiasi hicho, chama kitakuwa kimewatoza watu wake Sh132,000 zisizo halali kwa mwaka mmoja.

Programu hiyo haina hitilafu yoyote inayoonekana. Inafunguka, inajumlisha na kuchapisha risiti nzuri. Kompyuta haitoi onyo, kwa sababu imefanya ilivyoagizwa. Kosa litajulikana siku mwanachama mmoja atakapochukua kalamu na daftari lake, na siku hiyo lawama zitamwangukia mweka hazina.

Mwenye uzoefu huanza na maswali kabla ya kugusa zana. Riba inatozwa kwenye nini? Mwanachama akichelewa siku tatu inakuwaje? Akilipa mapema? Kisha huiagiza zana kwa maneno kamili, na mwishowe huchukua mikopo mitatu au minne ya zamani iliyohesabiwa kwa mkono na kulinganisha. Wote wawili wametumia zana ileile. Walichotofautiana ni kujua la kuuliza na kujua la kukagua.

Mfano mwingine ni malipo ya M-Pesa. Tangu mwaka wa 2017 mfumo wa Daraja wa Safaricom umewawezesha watengenezaji kuunganisha programu zao na M-Pesa. Duka likituma ombi la malipo kwenye simu ya mteja, majibu huja mara mbili. La kwanza husema tu kwamba ombi limepokelewa. La pili huja baada ya mteja kuweka nambari yake ya siri au kukataa, na ndilo husema kama pesa zimelipwa. Majibu yote mawili huweza kubeba sifuri kama alama ya kufaulu. Asiyejua tofauti hiyo huweza kukubali msimbo unaoandika "imelipwa" baada ya jibu la kwanza, na bidhaa ikatoka dukani kabla shilingi haijaingia.

KUJIFUNZA AU KUSAIDIWA?

Huko Wamunyu, Mwala, ambako uchongaji wa vinyago ulienea tangu Mutisya Munge aliporejea kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanafunzi hakabidhiwi gogo zuri siku ya kwanza. Kazi ndogo, kama kupiga msasa kazi za wengine, humfundisha mkono wake mti unavyokwenda. Katika utengenezaji wa programu, kazi ndogondogo za kurekebisha makosa zimekuwa ndiyo msasa huo. Sasa ndizo kazi ambazo akili unde huzifanya kwa wepesi zaidi.

Utafiti uliotolewa Januari 2026 na watafiti wa kampuni ya Anthropic, ambayo yenyewe hutengeneza zana hizi, uliwahusisha watengenezaji 52, wengi wao wa ngazi za chini, waliojifunza kutumia maktaba mpya ya lugha ya Python. Waliosaidiwa na akili unde walipata wastani wa asilimia 50 katika mtihani uliofuata. Waliofanya bila msaada walipata asilimia 67. Pengo lilikuwa kubwa hasa katika maswali ya kutafuta makosa, yaani ustadi uleule unaohitajika ili kuikagua kazi ya mashine.

Lakini waliotumia zana hawakufanana wote. Walioiachia iandike kila kitu walipata alama za chini. Walioiuliza maelezo, wakataka kujua kwa nini jambo linafanywa hivi na si vile, walifanya vizuri zaidi. Zana ileile inaweza kumfundisha mtu au kumlemaza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hakuna programu itakayoinama kwa niaba yake.

JE, KAZI ZA KUANZIA ZITAISHA?

Hili ndilo swali la wazazi wengi. Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha uchunguzi wa rekodi za mishahara nchini Marekani. Walibaini kwamba idadi ya watengenezaji wa programu wenye umri wa miaka 22 hadi 25 walio kazini ilishuka kwa karibu asilimia 20 kati ya mwisho wa 2022 na Julai 2025. Idadi ya wenye umri mkubwa zaidi haikushuka hivyo. Hizo ni takwimu za Marekani, na wataalamu bado wanajadiliana kiasi gani cha mporomoko huo kimetokana na akili unde, na kiasi gani kimetokana na kampuni kuajiri kupita kiasi wakati wa janga la Corona.

Katika Afrika Mashariki, ugumu wa kupata kazi ya kwanza ulitangulia zana hizi. Kampuni ya Andela, iliyofungua kituo Nairobi mwaka wa 2015 na kuwa mlango wa vijana wengi, ilitangaza Septemba 2019 kwamba inawaachisha kazi watengenezaji wachanga 250 nchini Nigeria na Uganda, huku wengine wapatao 170 nchini Kenya wakiwa katika hatari ya kuathirika. Ilieleza kwamba wateja wake walihitaji wataalamu wenye uzoefu mkubwa. Copilot ilikuwa bado haijatoka. Akili unde imeukuta mlango tayari ni mwembamba.

Kwa upande mwingine, kazi zinazohitaji kujua mahali na watu wake hazijapungua. Zahanati, Sacco, shule, vyama vya wakulima wa kahawa Kangundo na Matungulu, wasafirishaji na wenye nyumba za kupangisha Mavoko wote wana mahesabu na kumbukumbu ambazo bado ziko kwenye madaftari. Programu ambayo jana ingegharimu miezi mitatu ya kazi inaweza leo kuwa ya wiki chache, na hivyo kikundi kidogo kikaweza kuimudu. Kijana anayeelewa jinsi chama cha wakulima kinavyowalipa wanachama wake ana kitu ambacho zana haina.

WAPI PA KUJIFUNZIA

Wakazi wako karibu na taasisi kadhaa. Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopata hati yake Oktoba 2016, kipo mjini Machakos. Chuo Kikuu cha Daystar kina bewa Athi River. Jiji la teknolojia la Konza, ambalo ujenzi wake ulizinduliwa Januari 2013 na Rais Mwai Kibaki, liko Malili, Makueni, mpakani na Machakos, takriban kilomita 60 kutoka Nairobi. Hapo ndipo makao ya Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopata hati Agosti 2023 na kinachofundisha kwa njia ya mtandao, zikiwemo shahada za usalama wa mitandao na sayansi ya data. Serikali ya kitaifa pia inaendesha mpango wa Ajira Digital na vituo vya Jitume vyenye kompyuta katika vyuo vya kiufundi.

Kwa watoto, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini iliidhinisha mwaka wa 2022 silabasi ya uandishi wa programu kwa shule za msingi na za upili. Machi 2025 serikali ya kitaifa ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini na elimu ya chekechea viko chini ya serikali za kaunti, kwa hivyo maoni ya wakazi kuhusu mafunzo katika vyuo hivyo huwasilishwa katika vikao vya ushirikishwaji wa umma vya kaunti.

USALAMA NA SHERIA

Msimbo ulioandikwa na akili unde unaweza kuwa na mianya ya wezi wa mtandaoni. Uchunguzi wa mwaka wa 2021 wa watafiti wa Chuo Kikuu cha New York uliijaribu Copilot katika hali 89 tofauti na kupata programu 1,689. Takriban asilimia 40 zilikuwa na udhaifu wa kiusalama. Zana zimeboreka tangu hapo, lakini hatari haijaisha. Watafiti wa Stanford nao walibaini mwaka wa 2022 kwamba waliosaidiwa na akili unde waliandika msimbo usio salama zaidi, huku wakiamini zaidi kwamba ni salama.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 haitofautishi msimbo ulioandikwa na mtu na ule ulioandikwa na mashine. Anayekusanya majina, nambari za vitambulisho, nambari za simu au rekodi za afya ndiye anayewajibika. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia 1 ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo. Watoaji wa huduma za kifedha, afya na elimu wanatakiwa kujisajili na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hata wakiwa wadogo.

Kosa moja la kawaida ni kunakili orodha halisi ya wateja au wagonjwa na kuibandika kwenye zana ya akili unde ili isaidie kutafuta hitilafu. Taarifa hizo huwa zimetoka nje ya mikono ya mwenyewe na nje ya nchi. Majaribio yafanywe kwa majina na nambari za kubuni.

USHAURI KWA WAKAZI

Kwa mwanafunzi: jaribu mwenyewe kwanza, hata kwa nusu saa, kabla ya kuiuliza zana. Iulize ikueleze, kisha ufunge dirisha na uandike kwa mkono wako. Usiwasilishe mstari ambao huwezi kuueleza kwa maneno. Weka kumbukumbu ya makosa uliyoyapata na jinsi ulivyoyagundua. Mwajiri atakuuliza hayo kuliko idadi ya programu ulizounda.

Kwa mzazi: kabla ya kulipia kozi, uliza kama wanafunzi hupewa mtihani wa kufanya bila akili unde, na kama hufundishwa kukagua msimbo. Jihadhari na anayeahidi kazi ya uhakika baada ya wiki chache. Kozi inayofundisha kuomba zana tu huzeeka zana inapobadilika. Misingi ya hesabu, mantiki, hifadhidata na usalama hudumu.

Kwa mwajiri: usimwachie kijana na zana peke yao. Mpe mtu wa kumkagulia kazi, na umtake aeleze kila badiliko. Usipoajiri na kufunza wachanga leo, baada ya miaka mitano hutampata mwenye uzoefu wa kuikagua kazi ya mashine. Na kwa wataalamu ulio nao, pima muda halisi kabla ya kununua zana kwa kila mtu.

Kwa chama, Sacco, shule au biashara inayonunua programu, yafuatayo yaulizwe kabla ya kulipa:

1. Je, kanuni zetu za hesabu zimeandikwa na kukubaliwa na pande zote mbili?
2. Je, programu imelinganishwa na rekodi zetu za zamani zilizohesabiwa kwa mkono?
3. Malipo ya M-Pesa yanathibitishwa katika hatua gani?
4. Nani ameukagua msimbo mbali na aliyeuandika?
5. Taarifa za wanachama zinahifadhiwa wapi, na nani anaweza kuzifikia?
6. Nambari za siri za mfumo zimewekwa nje ya msimbo?
7. Mtengenezaji akiondoka, nani ataendeleza kazi, na je, msimbo ni mali yetu?

Kuuliza kama akili unde ilitumika si kosa, lakini jibu la "ndiyo" lisiwatishe wakazi, na jibu la "hapana" lisiwafariji. Siku hizi wengi huitumia. La maana ni kama yupo mtu anayeielewa kazi hiyo na aliye tayari kuwajibika kwayo.

Mkazi anayeamini kwamba taarifa zake zimetumiwa vibaya na mfumo wowote, uwe umeandikwa na mtu au na mashine, anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kisheria, malalamiko hayo yanatakiwa kuchunguzwa na kuamuliwa ndani ya siku 90.